Tovuti Haicheleweshwi na Uvivu

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambayo wakazi wa majimbo 36 walitakiwa kuitumia kununua bima ya afya chini ya sheria mpya ya Rais Barack Obama. Mkataba mkuu wa kuijenga ulikuwa umetiwa saini miaka miwili kabla. Kampuni za ukandarasi zilizokuwa na mkono katika kazi hiyo zilifika 55. Siku ya kwanza, waliofanikiwa kujiandikisha kutoka mwanzo hadi mwisho walikuwa watu 6. Siku ya pili ilipoisha wakawa 248. Mamilioni ya wengine walikutana na ukurasa uliokwama, ujumbe wa kuwataka wasubiri, au fomu iliyokataa jibu moja mara tatu. Haya yalitokea katika nchi ya Google na Amazon, ambako kutengeneza tovuti ni kazi ya kila siku kama kuoka mikate.

Jambo kama hili likitokea, fikra ya kwanza ya wakubwa, huko hata huku kwetu, ni kwamba kuna watu waliokuwa hawafanyi kazi. Ndipo yanapofuata maagizo tunayoyajua: mahudhurio yaandikwe, ripoti ziongezwe, vijana wengine waajiriwe, wote wabaki ofisini mpaka usiku. Makala hii inatetea wazo tofauti. Kwa sehemu kubwa tovuti haicheleweshwi na mikono iliyolala. Inacheleweshwa na kazi iliyolala: kazi inayomngoja mtu aamue, mwenzake amalize, mteja alete picha, au bosi asikie ukweli ambao hakuna anayethubutu kumwambia. Meneja anayesimamia saa za watu huku kazi yenyewe ikilala kwenye foleni asiyoiona anatibu jino lisilouma.

Ushahidi wa HealthCare.gov unastahili kuangaliwa kwa undani, maana baada ya fedheha ile kamati za bunge na wakaguzi wa serikali waliuchambua mradi mpaka kwenye mifupa. Hakuna aliyegundua kwamba watengenezaji programu walikuwa wavivu. Kilichogunduliwa ni kwamba hapakuwa na mwenye mradi. Idara inayosimamia bima za serikali, CMS, ilijipa yenyewe jukumu la kuunganisha kazi za makandarasi wote, ilhali jukumu hilo huhitaji utaalamu maalumu. Mkandarasi mmoja alijenga soko lenyewe la bima, mwingine akajenga njia ya kupitishia data kutoka idara nyingine za serikali, na kila mmoja aliweza kusema kwa haki kabisa kwamba sehemu yake imekamilika. Mbele ya bunge, tarehe 24 Oktoba 2013, makandarasi walieleza kuwa majaribio ya mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, yalianza wiki mbili tu kabla ya uzinduzi. Kipengele cha kumwezesha mgeni kuangalia bei bila kujisajili kiliondolewa wiki chache kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo kila aliyefika, hata mpita njia, alilazimika kupita kwenye mlango mmoja wa kufungua akaunti. Waliojenga mlango ule walitarajia watu kama 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja. Ikulu ya Marekani ilisema waliofika walikaribia 250,000.

Hapo ndipo wahenga wetu walipotangulia wakaguzi kwa karne kadhaa: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ila ule usemi unaleta swali ambalo si rahisi kama linavyosikika. Kama manahodha wengi ni hatari, je, mabaharia wengi nao ni hatari? Mantiki ya kawaida inakataa. Shamba la eka kumi likilimwa na watu ishirini linamalizika mapema kuliko likilimwa na watano. Kwa nini kutengeneza programu kusiwe hivyo?

Jibu lilitolewa mwaka 1975 na Frederick Brooks, aliyewahi kuongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, mradi ambao, kama anavyoeleza, ulikuwa na zaidi ya watu 1,000 ulipofikia kilele. Katika kitabu chake The Mythical Man-Month aliweka kanuni ambayo watengenezaji programu wanaifahamu kama sala: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu zake si za ajabu. Mgeni hana budi kufundishwa, na wa kumfundisha ni yuleyule mwenyeji mwenye kazi nyingi kuliko wote. Zaidi ya hapo, wanaolima shamba hawahitaji kuzungumza ili mistari yao ikutane, lakini wanaojenga tovuti moja wanahitaji kukubaliana karibu kila kitu: jina la mteja litahifadhiwaje, kosa la malipo litaripotiwaje, nani anaruhusiwa kufuta nini. Timu ya watu 5 ina njia 10 za mazungumzo kati ya mtu na mtu. Ya watu 10 ina njia 45. Ya 20 ina 190. Kampuni 55 zikizungumza mbilimbili, njia ni 1,485, na kila njia ni mahali ambapo habari inaweza kupotea, kupindishwa au kusubiri Jumatatu.

Kanuni ya pili haina umaarufu wa ile ya Brooks, nami naiona kuwa na manufaa zaidi kwa ofisi ndogo. Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alithibitisha jambo ambalo mama lishe yeyote angelikubali bila uthibitisho: muda ambao mtu atakaa kwenye foleni, kwa wastani, ni idadi ya waliomo kugawanya kwa kasi ya kuhudumiwa. Hamisha hesabu hiyo kwenye ofisi ya watengenezaji tovuti. Tuseme timu inakamilisha kazi 4 kwa wiki. Ikiwa mkononi ina kazi 12, kila kazi inayoingia itachukua wiki 3 kutoka. Meneja mwenye moyo mkunjufu akikubali kila ombi hadi kazi zilizo mkononi zifike 40, muda huo unakuwa wiki 10, bila mtu yeyote kupunguza bidii hata kidogo. Kwa kweli inakuwa mbaya kuliko hapo, kwa sababu anayeshika kazi tano kwa pamoja hutumia sehemu ya kila asubuhi kukumbuka jana aliishia wapi, na ile kasi ya kazi 4 nayo hushuka. Wateja wote wanapiga simu, kila mmoja anajibiwa kwamba kazi yake inaendelea, na jibu hilo ni la kweli. Zote zinaendelea. Hakuna inayofika.

Chukua mfano wa kufikirika wa tovuti ya kampuni ya utalii mjini Arusha. Kazi halisi, ya mtu kukaa mbele ya kompyuta na kutengeneza, inaweza kuwa ya wiki tatu. Lakini picha za kambi ziko kwenye simu ya dereva. Maelezo ya safari yanaandikwa na mtu ambaye kazi yake ya kweli ni kupokea wageni. Benki inataka nyaraka kabla ya kuruhusu malipo ya kadi, na nyaraka moja ina jina la zamani la kampuni. Mkurugenzi yuko porini na wageni, naye ndiye pekee anayeweza kusema kama rangi ya kijani imekubaliwa. Miezi minne baadaye lawama zinamwangukia kijana aliyetengeneza. Ukichora kalenda ya mradi huo na kutia wino mweusi siku ambazo kazi iliguswa, utaona ukurasa mweupe wenye madoa machache. Meneja anayejaribu kufupisha yale madoa, kwa kumtaka kijana aandike haraka zaidi, anahangaika na sehemu ndogo kabisa ya tatizo. Weupe ndio mradi.

Basi kwa nini ofisi nyingi huendelea kupima madoa? Kwa sababu yanahesabika. Saa za kuingia na kutoka zinahesabika, idadi ya mistari ya programu iliyoandikwa inahesabika, idadi ya vikao inahesabika. Kuna kisa maarufu katika historia ya Apple. Mwaka 1982, timu iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya Lisa iliagizwa na mameneja kujaza fomu kila wiki kuonyesha kila mtu ameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, aliyekuwa miongoni mwa mafundi bora wa kizazi chake, wiki hiyo alikuwa amekisuka upya kipande kimoja cha mfumo wa michoro, kikawa na kasi kubwa zaidi na kifupi zaidi kwa mistari kama 2,000. Alijaza fomu kwa uaminifu: –2,000. Baada ya wiki kadhaa wakaacha kumdai fomu. Kisa hiki huchekesha, lakini fikiria aliyekosa jina na ujasiri wa Atkinson. Huyo angeiacha programu ndefu na nzito kama ilivyo, akapata alama nzuri, na mtumiaji angesubiri. Kipimo kibaya hakikosei tu kuonyesha hali ilivyo. Kinaifundisha timu tabia mpya.

Vipimo vyenye akili vipo, na havina siri. Kitabu Accelerate cha Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, kilichotoka 2018 baada ya miaka kadhaa ya kukusanya majibu ya maelfu ya watu wa taaluma hii, kinapendekeza kutazama mambo manne: badiliko huchukua muda gani kutoka kwa fundi mpaka kwa mtumiaji, mabadiliko hupandishwa hewani mara ngapi, mangapi kati yake huharibu kitu, na kikiharibika hurejeshwa baada ya muda gani. Ona kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomtazama mtu. Vyote vinatazama kazi inavyosafiri. Na matokeo yaliyowashangaza wengi ni kwamba timu zinazopandisha mabadiliko madogo mara nyingi ndizo pia zenye uharibifu mdogo. Ukifikiri kidogo, mshangao unaondoka. Aliyebadilisha kitu kimoja jana anajua pa kutafuta kosa leo. Aliyebadilisha mambo mia tatu ndani ya nusu mwaka na kuyafungua yote usiku mmoja hana pa kuanzia. Ndivyo ilivyokuwa kwa HealthCare.gov tarehe 1 Oktoba.

Sasa zije hoja za upinzani, maana zipo na zina uzito. Ya kwanza inatoka ndani ya kisa chenyewe. Mtu atasema: HealthCare.gov iliokolewa kwa kuongeza watu, kwa hiyo Brooks alikosea. Ni kweli kwamba katikati ya Oktoba 2013 wataalamu waliitwa kutoka nje, akiwemo Mikey Dickerson, mhandisi wa Google aliyebobea katika kuhakikisha mifumo haianguki. Na ni kweli kwamba kufikia tarehe 1 Desemba serikali iliripoti kurekebishwa kwa hitilafu zaidi ya 400, kurasa zilizokuwa zikichukua sekunde 8 kufunguka zikawa chini ya sekunde 1, na mfumo ukaweza kubeba watu 50,000 kwa wakati mmoja. Lakini tazama walioingia walikuwa wangapi, na walifanya nini. Waliotoka nje walikuwa wachache. Mamia ya mafundi waliotengeneza marekebisho walikuwa ni walewale wa makandarasi waliokuwepo tangu mwanzo. Kampuni moja ilikabidhiwa rasmi kazi ya kuunganisha mradi mzima. Katika kituo cha uendeshaji kule Columbia, jimbo la Maryland, vikao vilifanyika mara mbili kwa siku, na Dickerson alibandika masharti ukutani: kikao ni cha kutatua matatizo, wanaotaka kulaumiana watafute mahali pengine, azungumze anayelijua jambo, si mwenye cheo kikubwa, na lishughulikiwe kwanza lile litakalotuumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo. Tena vikawekwa vifaa vya kuonyesha mfumo unafanya kazi vipi kwa dakika hiyo, kitu ambacho, kwa maajabu, hakikuwepo siku ya uzinduzi. Watu walewale, ndani ya wiki zipatazo sita, walifanya walichoshindwa kwa miaka miwili. Sioni ushahidi wenye nguvu kuliko huo kwamba mikono haikuwa ndiyo pengo. Isitoshe, Brooks mwenyewe alikiri kwamba kanuni yake imerahisishwa kupita kiasi. Kuongeza mtu mmoja anayejua hasa kinachokosekana si sawa na kuongeza kumi ili mkuu aonekane amechukua hatua.

Sharti lile la Dickerson, kwamba azungumze anayejua, naliona gumu kuliko yote kulitekeleza katika ofisi zetu, na nadhani lastahili kuzungumzwa zaidi ya vifaa na mbinu zote zinazouzwa kwa jina la tija. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima hiyo ni mali. Lakini kijana akiambiwa na mkurugenzi kwamba mfumo uwe hewani Ijumaa, naye anajua hautakuwa tayari, lugha ya adabu inampa maneno mengi ya kukwepa: tunajitahidi, tuko kwenye hatua za mwisho, inshallah. Mkurugenzi anatoka kikaoni akiamini amepewa ahadi. Marekani hawana shikamoo, na bado ilikuwa vivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2013 washauri waliokodiwa walionya kwa maandishi kwamba ratiba ya mradi ilibana mno na hapakuwa na muda wa kutosha wa majaribio, na onyo likaishia njiani bila kubadilisha tarehe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika miradi ya tovuti kifo huwa na tarehe iliyotangazwa kwenye magazeti. Dawa haiko katika kufuta heshima. Iko katika kufanya habari mbaya isihitaji ujasiri: timu ikionyesha kila wiki kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo, hakuna anayelazimika kusimama kumwambia mkubwa kwamba mambo yamekwama. Mkubwa anajionea mwenyewe.

Hoja ya pili inasema kwamba haya ni ya nchi zenye watu wenye nidhamu, kwamba ukiacha kuhesabu saa hapa, watu watalala. Nakubali kwamba wavivu wapo, na wapo pia wasiojua kazi waliyoajiriwa nayo, na mpangilio mzuri hautawageuza. Lakini hebu tuulize mvivu hujificha wapi. Hujificha vizuri zaidi kwenye mradi wa mwaka mzima wenye kazi 200 zilizofunguliwa, ambako daima kuna sababu ya kusema anamsubiri mwenzake. Daftari la mahudhurio ni rafiki yake: linathibitisha kwamba alikuwepo. Asichokipenda ni kazi ndogo yenye jina lake, inayotakiwa kuonekana kwenye skrini Ijumaa hii. Kwa hiyo anayehofia uvivu ana sababu kubwa zaidi ya kupunguza kazi zilizo mkononi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sina jibu lake kamili. Mteja, hasa serikali au benki, hutoa zabuni. Zabuni inataka bei moja, tarehe moja, na orodha ya kila kitu kitakachokuwemo. Mkandarasi atakayesema ataanza na kidogo, aone, kisha aendelee, atashindwa na yule aliyeahidi yote. Hata Marekani, kwenye kazi ya soko la HealthCare.gov peke yake, wakaguzi wa serikali walikuta fedha zilizotengwa zikipanda kutoka dola milioni 56 hadi zaidi ya milioni 209 ndani ya miaka miwili na nusu. Kwa hiyo makadirio ya mwanzo hayakumlinda mtu. Baada ya pale serikali hiyo ilianzisha, Agosti 2014, kitengo cha huduma za kidijitali kilichokabidhiwa kwa Dickerson yuleyule, na moja ya kazi zake ikawa kuzifundisha idara kununua mifumo kwa vipande. Kwetu pia ungefaa mkataba wa hatua kwa hatua, wenye malipo yanayofuata kitu kilichokwisha kutumika. Naona kinachouzuia zaidi ni hofu ya anayeandika zabuni, kwamba asipotaja kitu leo hatakipata tena, na hivyo anaorodhesha kila anachoweza kukifikiria.

Hofu hiyo inajibiwa vizuri zaidi na kisa cha hapa Afrika Mashariki, ingawa si cha tovuti. Mwezi Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu nchini Kenya mfumo wa simu wa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho yao, wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Upande wa mikopo ulikuwa na vikundi, akiba, dhamana na hesabu zake, na kuuoanisha na simu kukawa kazi ngumu. Wakati huohuo waliokuwa kwenye majaribio walionekana wakiutumia mfumo kwa jambo ambalo halikuwa lengo: kutumiana fedha wao kwa wao. Timu ingeweza kung'ang'ania orodha ya awali na kuomba watu zaidi na muda zaidi. Badala yake mikopo iliwekwa kando, na mfumo huo ulipozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, uliahidi kitu kimoja, kutuma pesa nyumbani. Mikopo ilirudi kwa jina la M-Shwari mwezi Novemba 2012, zaidi ya miaka mitano baadaye, ikawakuta mamilioni ya wateja tayari wana simu mkononi na namba ya siri kichwani.